Mkono Juu ya Kizingiti

Siku ya jina la Klementyna Kulesza haikuwa na mialiko, kwa sababu siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake, haina mialiko. Kila Novemba mwenye nyumba hupika, huacha mlango bila kufuli, na humpokea yeyote aliyekumbuka kutazama kalenda. Kumfukuza mgeni wa siku hiyo ni aibu ambayo mjini Bydgoszcz, nchini Poland, hata maadui hawathubutu kufanyiana. Seweryn Jaźwiński alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana, kati ya siku zote za mwaka, aliichagua hiyo.

Alibonyeza kengele wageni wakiwa wamekwisha kukaa mezani. Mlango ulifunguliwa na Klementyna mwenyewe, mjane na mfamasia mstaafu, aliyezoea kumtazama mtu kana kwamba anasoma dawa aliyoandikiwa na kuona kwamba daktari amekosea. Alimtazama mgeni wake kuanzia kofia hadi viatu, kisha akarudi juu bila haraka.

"Bwana Jaźwiński," alisema.

Zamani alimwita mwanangu.

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa likifanyika katika nyumba ile. Alimnyoshea mkono akiwa yeye ndani na mgeni bado nje, wakashikana juu ya kizingiti. Kila mtoto wa mji ule hufundishwa, kabla hata ya kujua kusoma, kwamba mikono haishikanwi juu ya kizingiti ila pale mtu anapotaka ugomvi uingie pamoja na mgeni. Klementyna hakuwa mtu wa kusahau mambo ya namna hiyo. Alikuwa akimpa taarifa.

Seweryn alimkabidhi maua, na hapo kosa likawa la kwake. Miaka kumi na saba ya Hamburg na Oslo ilikuwa imemfutia kichwani mengi ya kwao, na kwenye kibanda cha stesheni alichukua yale yaliyobaki ndooni: krisanthemu nyeupe, ambazo mwanzoni mwa mwezi huohuo kila familia ya mji ilikuwa imezipeleka makaburini.

"Ahsante," Klementyna alisema. "Marehemu mume wangu atayafurahia. Mimi bado nipo."

Akayatoa nje kwenye roshani, yakae na baridi. Mgeni alivua viatu kama ilivyopasa. Sapatu zote za wageni zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa isipokuwa jozi moja ya kike, yenye manyoya ya waridi, iliyomfikia katikati ya unyayo. Kwa hiyo kiongozi wa orkestra ambaye mikono yake ilikuwa imepigwa picha kwa mabango ya miji mikubwa ya Ulaya aliingia sebuleni visigino vikiwa nje, akitembea kwa uangalifu wa mtu anayepita juu ya barafu.

Mezani mazungumzo yalikoma. Bogna Kulesza, binti wa nyumba, alikuwa upande wa dirisha akikata keki ya jibini. Kisu hakikudondoka, wala rangi ya uso wake haikubadilika. Kipande alichokuwa akikikata tu ndicho kilichotoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na ulegevu huo mkono wake haukuwa umewahi kumfanyia mbele za watu. Alikitazama kile kipande, akakiweka kwenye sahani yake mwenyewe ili asikipate mwingine, na baada ya hapo ndipo alipoinua macho.

Macho yalikutana juu ya bakuli la samaki wa siki. Seweryn alikuwa amejiandaa kumwona mwanamke aliyezeeka. Alimwona mwanamke wa miaka arobaini na mitatu aliyevaa gauni la kijivu, mwenye alama ileile ya kahawia chini ya taya, pale fidla inapokaa, alama ambayo yeye aliwahi kuwa na haki ya kuigusa. Seweryn ndiye aliyetazama pembeni kwanza. Bogna hakutazama pembeni.

Kisa chao kilijulikana na kila aliyekuwa mezani, na nusu yake ilijulikana hata na wasomaji wa magazeti. Seweryn, mwana wa mpiga kinanda wa kanisa moja la Inowrocław, alikabidhiwa orkestra ya mji akiwa kijana. Bogna alikaa kwenye kiti cha pili cha safu ya mbele ya fidla. Walipendana, wakachumbiana, na tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani Jumapili. Jumanne yake, kwenye mazoezi, simfonia ilipaswa kuanza kwa fidla zote pamoja, kwa sauti ya chini mno. Kifimbo cha Seweryn kilishuka, na fidla moja tu ikasikika, peke yake, katika ukumbi mzima. Ilikuwa ya Bogna. Seweryn alisimamisha kazi, akamwamuru aipige sehemu ile peke yake mbele ya wenzake, mara moja, mara ya pili, na alipomaliza akamhamishia kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa kutokea. Tangazo la pili la ndoa halikusomwa.

Kilichofuata kwa Bogna kilikuwa kimya cha nyumbani, na mama aliyelazimika kuwaeleza jamaa. Kilichofuata kwa Seweryn kilikuwa umaarufu. Habari ilisafiri kwamba kule Poland yuko kijana asiyependelea mtu, aliyemwondoa mchumba wake kitini kwa kosa la sauti moja. Hamburg walimtaka mtu wa namna hiyo. Kwa miaka yote iliyofuata hakuna mwandishi aliyemhoji bila kukirudia kisa kile, kwa heshima.

Sasa alikuwa anarudi. Orkestra ya kwao ilikuwa imempa uongozi, kwa sharti moja lililowekwa na wanamuziki wenyewe: mshika fidla ya kwanza, yule ambaye wengine wote humfuata, abaki kitini. Tangu miaka sita iliyopita mshika fidla ya kwanza alikuwa Bogna Kulesza, na Bogna alikuwa ameshasema kwamba siku Jaźwiński atakapoingia kwa mlango wa mbele, yeye atatokea kwa ule wa nyuma, ambao njia yake aliijua.

Gracjan, kaka yake Bogna, daktari wa meno aliyependa kuuliza maswali watu wakiwa na chakula mdomoni, ndiye aliyeanza. Alitaka kujua kama Maestro ameshakula njiani, au huko Oslo watu wa daraja lake hawali. Alitaka kujua pia kama ni kweli wanamuziki wa nje humwogopa. Seweryn alijibu kwamba wanamuziki wa nje humwogopa yeye kiasi kilekile wanachomwogopa daktari wa meno, yaani mpaka wanapotoka mlangoni. Shemeji mmoja alikaribia kucheka, akajikumbuka. Mwisho wa meza mzee Hilary Wrona, jirani wa ghorofa ya chini, aliyepiga selo, fidla kubwa ya sauti nzito, katika orkestra ile mpaka vidole vilipomkatalia, aliendelea kula saladi. Na yeye alikuwepo ukumbini Jumanne ile.

Bogna alisimama kwenda kuchemsha maji ya chai. Seweryn akasimama pia.

"Jikoni kwangu hakuna njia ya kupotea," Klementyna alisema. "Hahitaji kusindikizwa."

"Mwache aje, Mama," Bogna alijibu bila kugeuka. "Ana neno moja la kusema. Ni afadhali alisemee huko kuliko kulisemea juu ya chakula chako."

Jikoni aliwasha jiko, akaweka birika, akapanga glasi za chai mbele yake. Seweryn alibaki karibu na mlango. Sapatu za waridi zilimpa sura ya mtu aliyeazima miguu.

"Umekuja kuniomba nibaki," Bogna alisema.

"Ndiyo."

"Namba yangu ya simu haijabadilika."

"Ungekata."

"Ningekata, na wewe ungekuwa umeokoa nauli."

Seweryn alimweleza, kwa sentensi zilizoonekana zimeandaliwa ndani ya treni, kwamba amechoka kuishi kwenye hoteli, kwamba ana mpango wa miaka mitano, kwamba ukumbi ule una sauti ambayo hajaisikia kwingineko, na kwamba wanamuziki wamemwambia wazi kuwa bila Bogna hawamtaki. Bogna alimsikiliza hadi mwisho, kama anavyosikilizwa mtu anayesoma tangazo la reli.

"Wamesema hivyo kwa sababu wananijua mimi," alisema. "Wewe wanakujua kwa magazeti. Na mimi pia nimo humo magazetini, umewahi kuona? Niko aya ya tatu, kila mara. Jina sina. Mchumba wake. Wanakusifu mpaka wanafika aya ya tatu, hapo wananitoa, wananiondoa kitini upya, halafu wanaendelea kukusifu. Nimeondolewa kile kiti kwa Kijerumani, kwa Kinorwe, mwaka juzi kwa Kijapani. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea lile la Kijapani, hakujua ni mimi."

"Sikuwahi kuwapa hicho kisa mimi."

"Uliwahi kukikanusha?"

Birika lilianza kutoa sauti. Seweryn alisema kwamba alikuwa kijana wakati ule, kwamba ukumbi mzima ulikuwa unamvizia umwone akimpendelea mchumba wake, kwamba kama angemwachia, kesho yake hakuna ambaye angemtii.

"Kwa hiyo ukanidhulumu ili waone una haki."

"Bogna."

"Nina swali moja, halafu nitakupa chai. Siku ile ulishusha kifimbo wapi?"

Swali hilo lilikuwa la kazi, na mtu wa kazi hiyo hawezi kujifanya hajalielewa. Orkestra za kule haziingii, yaani hazianzi kupiga, pale kifimbo kinapofika chini. Huingia baadaye kidogo, pumzi moja, zikimwangalia mshika fidla ya kwanza, si mkono wa kiongozi. Ni desturi ya zamani na haina ubaya. Mkono huonya, na watu huitika. Bogna Jumanne ile hakumwangalia mshika fidla ya kwanza. Alimwangalia Seweryn, na aliingia hasa pale mkono ulipomwambia aingie. Wengine wote walikuja baadaye. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kuuamini mkono.

"Uliingia peke yako," Seweryn alisema hatimaye.

"Sikuuliza hivyo."

"Ndicho ninachokijua."

Bogna alizima jiko. Alimimina maji katika glasi moja baada ya nyingine, zote usawa mmoja, na safari hii mkono haukumfanyia ulegevu wowote.

"Umetoka mbali kwa jibu dogo," alisema. "Beba sinia. Jumatatu nitawaambia kwamba naondoka. Mpango wako wa miaka mitano mpe mtu mwingine."

Alitangulia. Seweryn alirudi sebuleni amebeba sinia la glasi za chai mbele ya familia iliyomchukia, na halikumwagika hata tone. Hilo nalo Klementyna aliliona, na halikumpendeza.

Mezani ilikuwa imeshamiminwa pombe ya cheri. Ulikuwa umefika wakati wa wimbo, ule ambao kila mwenye siku ya jina huimbiwa, wa kumtakia miaka mia. Nyumba ile, kama nyumba zote, ilizoea kuuanza ovyo: mmoja huuanza mahali popote pa sauti, juu au chini, na wengine humkimbilia. Gracjan aliinua glasi yake na akawa na wazo ambalo lilimpendeza mno.

"Leo hatuwezi kuimba kama walevi," alisema. "Tuna Maestro. Atuongoze. Au sisi hatulipi vya kutosha?"

Watu walicheka, na kicheko hakikuwa cha wema. Seweryn alisema kwamba si lazima. Klementyna alisema kwamba kwa kuwa mgeni alikuja bila kualikwa na maua ya msibani, kumwongozea mwenye siku wimbo wake lingekuwa jambo dogo kabisa la kumfidia. Hivyo mtu yule alisimama, katika sapatu zake za waridi, akainua mkono wa kulia.

Hakuwa na kifimbo. Lakini alipouinua ule mkono jambo fulani lilitokea kwenye mabega yake, na hata Gracjan aliishusha glasi yake. Watu wengi waliokaa pale walikuwa hawajawahi kumwona akifanya kazi. Mkono ulikaa hewani kidogo, ukavuta pumzi, ukashuka.

Na sauti moja tu ikaimba.

Ilikuwa ya Bogna. Silabi ya kwanza ya wimbo ilisimama peke yake juu ya meza ile, wazi, bila mwenzake. Mashemeji na wake zao walikuwa wakingoja kumsikia mtu aanze, kama wanavyofanya watu wasioimba kwa kazi. Gracjan alikuwa akingoja kwa inda. Mzee Hilary alikuwa akingoja pumzi yake moja, kwa desturi ya miaka arobaini. Bogna peke yake alikwenda na mkono. Hakuwa ameamua. Mtu akiitwa kwa jina usingizini huitika kabla ya kuamka.

Bogna alifunga mdomo. Wekundu ulimpanda kuanzia ile alama ya kahawia hadi kwenye nywele. Mama yake alimtazama, na kwa mara ya kwanza jioni ile uso wa Klementyna haukuwa na hasira. Ulikuwa na hofu ya mtu aliyefunga madirisha yote na kusahau mlango.

"Bogna, dada yangu," Gracjan alisema, "umewahi."

Seweryn alikuwa bado amesimama, mkono wake ukiwa umebaki pale uliposhukia. Aliutazama kana kwamba umeletwa pale na mtu mwingine.

"Hakuwahi," alisema.

"Sote tumesikia."

"Mmesikia vibaya. Hakuwahi. Nyinyi ndio mliochelewa." Alisema polepole, na sauti yake haikuwa ile ya jikoni. "Aliingia pale nilipomwonyesha. Leo, na siku ile pia. Mkono ulikuwa sawa na yeye alikuwa sawa. Orkestra nzima ilikuja nyuma yake, na mimi nikaona ni rahisi kumwondoa mtu mmoja kuliko kuwaambia watu sitini kwamba hawakunitazama."

Mwisho wa meza Hilary Wrona aliweka uma wake pembeni mwa sahani, sambamba na kisu, kama mtu aliyemaliza kula.

"Tulijua," mzee alisema. "Siku ileile tulijua. Tuliona afadhali yeye kuliko sisi."

Klementyna aligeuka akamtazama jirani yake, ambaye kwa miaka kumi na saba alikuwa amempelekea supu kila alipougua. Mzee alishikilia macho yake juu ya saladi.

"Tangu siku ile," Seweryn alimwambia Bogna, na sasa hakuwa akiiambia meza, "nimesimama mbele ya orkestra nyingi. Zote nzuri. Zote huja baadaye. Hakuna mtu aliyewahi tena kuingia na mkono wangu."

"Hukumstahili aliyeingia," Bogna alisema.

"Hapana."

"Na maneno haya umeyasemea sebuleni kwa mama, mbele ya samaki. Kiti hukuniondolea hapa."

"Najua nilikuondolea wapi."

"Basi yaseme huko. Wewe umesimama, wao wamekaa, kabla hujainua kifimbo."

Kiongozi anayeanza kazi kwa kuwaambia wanamuziki wake kwamba jina lake lote limejengwa juu ya uongo huweza kupoteza ukumbi kabla ya nota ya kwanza. Hilo halikuhitaji kuelezwa na mtu. Na magazeti yangekuwa na aya mpya ya tatu.

"Nikiyasema, huenda wakanikataa," alisema.

"Huenda."

"Na wewe?"

"Mimi sijasema lolote kuhusu mimi."

Klementyna aligonga meza kwa kijiko, mara moja. Alisema kwamba siku hii ni ya jina lake, si la mtu mwingine, kwamba chai inapoa, na kwamba wimbo ataimbiwa kama alivyoimbiwa miaka yote, bila mikono ya mtu. Akaanza mwenyewe kujitakia miaka mia, kwa sauti kavu na mahali pasipofaa, na familia ikamkimbilia. Seweryn alikaa. Bogna hakuimba.

Seweryn alipoaga, hakuna aliyemzuia. Alivua sapatu, akazipanga pembeni ya ukuta, akavaa viatu vyake. Klementyna hakutoka sebuleni. Ni Bogna aliyemfungulia mlango, na alikuwa na lile shada la krisanthemu mkononi, lenye ukungu wa baridi kwenye majani. Alimrudishia, akasema ampelekee baba yake mwenyewe kaburini Inowrocław, maana alisikia kwamba hajafika huko tangu mazishi. Alisema kwa ukali, na ilikuwa kweli.

Seweryn alivuka kizingiti. Akiwa nje, maua yakiwa chini ya kwapa, aligeuka na kunyosha mkono wa kuagana.

Bogna aliutazama ule mkono. Ulikuwa juu ya kizingiti, hewani, ukingoja, na haukushuka. Ndani, mama yake aliuliza kwa sauti kama mlango umeshafungwa, maana baridi inaingia. Bogna hakuupokea mkono.

Alitoka. Alivuka kizingiti kwa sapatu zake nyembamba hadi kwenye saruji baridi ya ngazi, akaurudisha mlango nyuma yake, na baada ya kusimama upande uleule aliosimama Seweryn, ndipo alipompa mkono.

"Jumatatu, saa nne," alisema. "Na utakapokuwa ukiyasema, usinitazame mimi. Watazame wao."